Jinsi ya Kununua Farasi 109 na Kufika Nyumbani na 80

Ukiingia yadi ya magari pale Ngong Road, Nairobi, usiulize habari za farasi. Utaambiwa tu. Kijana wa mauzo atafungua boneti ya Toyota Probox, atanyamaza kidogo kama anayekuonyesha mtoto mchanga, kisha atasema: "Mkubwa, hii ni farasi 109." Tikisa kichwa. Hakudanganyi. Namba hiyo imetoka kiwandani, na kiwanda kiliipima kweli. Lililobaki ni wewe kujua kilipimia wapi, na siku hiyo injini ilikuwa imevaa nini.

Kwanza mfahamu farasi mwenyewe. Ni kipimo alichokiweka James Watt katika karne ya 18, alipokuwa akiwauzia injini za mvuke watu waliozoea kuzungusha mashine zao kwa wanyama. Alimhesabia farasi mmoja kazi ya kuinua ratili 33,000 kwa futi moja kila dakika, kazi ambayo farasi wa kawaida angeilalamikia kabla ya adhuhuri. Kwa hiyo kipimo chenyewe kimezaliwa kinywani mwa muuzaji. Hata hivyo, farasi halisi akikurupuka anaweza kutoa zaidi ya nguvu farasi 10 kwa sekunde chache. Usimwambie kijana wa mauzo. Atatafuta namna ya kukuuzia na huko kukurupuka.

Pili, uliza farasi ni wa taifa gani. Wajapani hutumia yule wa Kijerumani, anayeinua kilo 75 kwa mita moja kila sekunde, naye ni mdogo kidogo kuliko wa Kiingereza. Wale 109 wa katalogi, ukiwavusha mpaka, ni 107. Hakuna aliyekufa. Bugatti Veyron ilitangazwa kuwa na 1,001, ambao kwa hesabu ya Kiingereza ni 987, na nadhani unajua ni namba ipi iliyopambwa kwenye matangazo. Mwenye haraka aulize kilowati: Probox yetu ina 80, na kilowati haina kwao.

Sasa tufike kwenye mavazi, maana hapa ndipo watu wazima walipolizwa. Hadi mwanzoni mwa miaka ya 1970, viwanda vya Marekani vilipima injini ikiwa uchi. Ilifungwa kwenye mashine ya kupimia bila eakilina, bila alteneta, bila feni, na mahali pa ekzosi ya gari paliwekwa bomba pana la karakana, moshi utoke bila kubanwa. Ni sawa na mchukuzi anayejisifia kasi yake huku gunia kaliacha sokoni. Cadillac Eldorado ya lita 8.2 ilitangazwa na farasi 400 mwaka 1970. Mwaka 1971 mgandamizo ulipunguzwa, wakabaki 365. Mwaka 1972 viwanda vikaanza kutangaza nguvu ya injini iliyovaa vifaa vyake vyote, na Eldorado ikasomeka 235. Kati ya miaka hiyo miwili ya mwisho injini ilikuwa ile ile. Farasi 130 walitoroka usiku mmoja, na lango halikuguswa.

Usije ukadhani kila asemaye uongo huongeza. Chevrolet Camaro Z/28 ya mwishoni mwa miaka ya 1960 ilijitambulisha kwa farasi 290, na waliompanda walijua ni mnyenyekevu mno. Mwenye bima akisikia namba kubwa huongeza ada, na waandaaji wa mashindano nao wana macho. Makampuni ya Japani yalikubaliana wenyewe kwa wenyewe kwamba gari lao la nyumbani lisitangazwe zaidi ya 280. Mwafaka huo ulidumu kuanzia 1989 hadi 2004, na katika muda huo Nissan Skyline GT-R iliishi na farasi wake waliozidi 300 ikiwa imewafunika kwa turubai. Wafaransa nao wana Citroën 2CV, farasi wawili kwa jina. Hao ni farasi wa kodi. Ile ya 1948 ilikuwa na tisa wa kazi.

Kijana akikuambia siku hizi mambo yamenyooka, mkubalie nusu. Mwaka 2005 wahandisi wa magari wa Marekani waliandika upya kanuni zao na kuanzisha cheti kinachodai shahidi wa nje asimame pale wakati wa kupima. Toyota ikapima upya, na Camry ya V6 iliyokuwa na 210 ikashuka hadi 190. Hakuna bolti iliyofunguliwa.

Halafu kuna saa za kazi. Wale 109 hujitokeza wote injini ikizunguka mara 6,000 kwa dakika, mlio ambao fundi wako akiusikia atakuuliza una ugomvi gani na gari. Kwenye mizunguko 2,000, ambako wengi wetu tunaishi, wengi wao wamelala. Ndiyo maana Land Cruiser kuukuu ya dizeli ya lita 4.2, ambayo farasi wake hawafiki 140, hukupita kwenye matope huku dereva akila mahindi.

Mwisho, safari. Gari limeteremshwa bandarini Kilindini, usawa wa bahari, karibu kabisa na hewa ya katalogi. Kisha linapanda: Voi, Mtito Andei, hadi Nairobi kwenye mita 1,700, ambako hewa ni nyepesi. Injini isiyo na turbo hupoteza kama sehemu moja kati ya sita. Wamebaki 90 hivi. Giaboksi na ekseli nazo hula njiani, kwa sababu kiwanda kilipimia kwenye injini, si kwenye matairi. Barabara inapokea labda 80.

Hao 80 ndio niliokuwa nao juzi nikipanda kutoka Mai Mahiu kuelekea Rironi, watu watano ndani na magunia mawili ya viazi nyuma. Lori lililokuwa nyuma yetu likaanza kuwasha taa. Kiyoyozi, ambacho hakikuhesabiwa siku ile ya kupima, kilikuwa kinavuma.

"Zima hiyo baridi," shangazi akasema.

Nikazima, nikateremsha kioo. Walirudi wawili hivi.