Kosea Penye Giza: Mwongozo wa Mwanafunzi Anayepaua Nyumba ya Watu

Utakosea. Hilo tulimalize mapema, tupate nafasi ya kuongea mambo ya maana. Umepelekwa saiti na wenzako kumi. Boma limesimama, lenta imekauka, mbao zimeshushwa jana kutoka Mafinga, na mwalimu amesema mkifunga chuo nyumba iwe na paa. Ukikosea ovyo utaitwa mwanafunzi mpaka siku ya kuondoka. Ukikosea kwa mpango, fundi mkuu atajikuta anakuita "fundi" mbele ya watu, na wenzako wote watageuka kukutazama. Najua unaitaka siku hiyo. Kila aliyewahi kushika nyundo aliitaka.

Wala si jambo geni. Tangu Elimu ya Kujitegemea ilipotangazwa mwaka 1967, wanafunzi wa Tanzania wamejenga madarasa, mabweni na nyumba za walimu wao. Hila ninazokupa hapa zimepita mikononi mwa mafundi wengi, na hakuna hata moja niliyoibuni.

1. Gombea kazi ambayo hakuna atakayeiona.

Asubuhi ya kwanza wenzako watakimbilia barazani, upande wa barabara, ambako simu za kupiga picha zipo. Waachie. Wewe mfuate fundi mkuu: "Shikamoo fundi, naomba nikate vile vipande vya kubebea dari." Atakuona una adabu, na hatakosea. Lakini pia umejipatia shule ya bure: vipande 40 vya urefu mmoja, vyote vitafichwa na jipsamu. Cha kwanza kitakwenda upande. Cha tano kitaacha mdomo wazi. Cha ishirini kitaingia mahali pake kwa kugongwa kidogo tu. Ukifika cha mwisho, mkono umeshauelewa msumeno, na wale wa barazani bado wanabishana nani ashike futi.

Anza mkato kwa kuvuta msumeno kuja kwako mara mbili tatu, pingili ya kidole gumba ikiegemea ubapa wake. Kidole cha shahada kinyooshe kwenye mpini kuelekea unakokata; kikinyooka, na msumeno hunyooka. Meno yakikataa kula, usiongeze nguvu. Omba tupa, unoe. Msumeno butu umewaaibisha vijana wengi wenye mikono mizuri kabisa.

2. Pima kidogo iwezekanavyo.

Futi ina namba nyingi, na kila namba ni nafasi ya kukosea. Yule fundi mzee unayemwona hapimipimi hana macho ya ajabu. Ana kijiti. Chukua kipande cha papi kilichonyooka, kisimamishe kwenye nafasi unayotaka kuijaza, tia alama ya penseli pale nafasi inapoishia, kisha peleka kijiti chenyewe kwenye ubao na uhamishe alama. Hukusoma namba, hukusahau namba, wala hukuambiwa "mia na kumi na saba" ukasikia "mia na saba" kwa kelele za jenereta.

Pale ambapo futi haikwepeki, ujue siri moja. Ile ndoano ya mwanzo inacheza kwa makusudi. Inasogea kwa unene wake wenyewe, ili kipimo cha kusukumiza ukutani na kipimo cha kung'ang'ania ncha ya ubao vilingane. Siku moja mwenzako atataka kuigonga "ikaze". Mzuie, umweleze sababu taratibu, fundi mkuu akiwa karibu.

3. Tia alama ya X upande wa kutupa.

Msumeno hula mbao kidogo kila mkato. Kata ndani ya upande wenye X na uuache mstari wa penseli ubaki kwenye kipande chako. Ikizidi kidogo, randa ipo.

4. Kenchi ya kwanza muiite Mama.

Hapa ndipo vikundi vya wanafunzi hujimaliza, kwa hiyo tukae kidogo. Lazeni kenchi ya kwanza chini, kwenye uwanja mliousawazisha. Pimeni, kateni, kisha muipandishe na kuijaribu juu ya kuta, mwanzo wa nyumba na mwisho wa nyumba. Ikikubali kote, irudisheni chini, muiandike MAMA kwa herufi kubwa, halafu mpige vigingi ardhini kuzunguka kingo zake. Sasa mna kitanda. Kenchi nyingine zote zitaundwa humo humo, kila ubao ukisukumwa mpaka uguse kigingi, na hata mvivu wenu kuliko wote atatoa kenchi iliyonyooka.

Vipande vyote vikatwe kwa kufuatisha vipande vya Mama. Nasema Mama, si kenchi iliyotoka kumalizika sasa hivi kwa kuwa ndiyo iliyo karibu na mkono. Ukichora ya pili kwa kufuatisha ya kwanza, ya tatu kwa kufuatisha ya pili, na kila mara unene wa penseli ukakuongezea milimita 2 tu, kenchi ya 12 itakuwa imeizidi ya kwanza kwa milimita 22. Hakuna kosa hata moja utakaloweza kulionyesha kwa kidole, na paa limepinda.

Nani akate Mama? Mtafuteni mwenye mkono mtulivu, si mwenye sauti. Na kama mwenye mkono huo ni yule binti mnayemtuma kila saa akateke maji, nendeni mkateke maji ninyi. Inaniudhi mno kuona msichana aliyefika chuoni kusomea useremala akimaliza miezi yake ya field ameshika ndoo.

5. Msumari ufanye butu.

Msumari wa inchi 4 ukipigwa karibu na ncha ya ubao mkavu, ubao hupasuka. Usihame mahali, wala usilaumu mbao. Ugeuze msumari, kichwa kikae juu ya kitu kigumu na ncha ikutazame, uigonge ncha mara moja mpaka iwe bapa. Ncha kali hutanua nyuzi za mbao zikaachana. Ncha butu huzikata na kuzisukuma mbele yake. Kisha shika nyundo mwisho wa mpini, si shingoni, uache uzito wake ufanye kazi. Watakuuliza umejifunzia wapi.

6. Tazama mgongo kabla hujapandisha.

Mbao nyingi za kupaulia ni paini, zikiwemo za shamba la miti la Sao Hill kule Mufindi, na mara nyingi hufika saiti bado zina maji. Zitapinda, upende usipende. Weka jicho moja kwenye ncha ya ubao, utazame ukingo wake mpaka mwisho. Utaona umejikunja kidogo upande mmoja. Huo ndio mgongo, na mgongo hukaa juu. Paa likishabebeshwa bati, uzito utaushusha ubao unyooke. Uliopinda pande mbili kwa mpigo, ukate uwe vipande vifupi, nao utaonekana umenyooka.

Na urefu wa mbao zinazouzwa sokoni usishindane nao. Wajenzi wa Lamu na Unguja walilijua hili: vyumba vya zile nyumba zao za mawe ni vyembamba kwa sababu boriti za mikoko zilikuwa na urefu wake, na chumba kiliifuata boriti. Kama ubao ni wa futi 12, mshawishi mwenye nyumba mapema kuhusu upana wa baraza. Mtapunguza viungo, na kila kiungo kilichopungua ni kosa ambalo hamkulifanya.

7. Boma likiwa limekwenda upande, danganya kwa uzi.

Kabla ya yote, panda juu ya kuta na futi kamba. Kwenye kona, pima mita 3 ukuta mmoja na mita 4 ukuta wa pili. Kati ya alama hizo mbili lazima upate mita 5. Halafu pima kona kwa kona, njia zote mbili za mshazari. Zisipolingana, boma haliko mraba, na usipandishe sauti. Mafundi waashi bado wapo saiti, nanyi mnakula sufuria moja.

Fanyeni hivi. Mbao za kenchi zinapotokeza nje ya ukuta, ziacheni ndefu, msikate hata moja chini. Kenchi zote zikishasimama na kukazwa, vuteni uzi kutoka mwisho mmoja wa nyumba hadi mwingine, ukae wima wa pale mnapotaka paa liishie. Tieni alama kila mkia pale uzi unapopita, kisha mkate yote kwa mpigo mmoja. Fisha bodi ikigongwa hapo itanyooka moja kwa moja, hata kama ukuta wa chini umekwenda sentimita 4. Mtu akisimama barabarani huutazama ukingo wa paa kwanza, na ukingo huo ukinyooka huona nyumba nzima imenyooka. Tofauti itajificha kwenye kivuli cha mapaa, ambako hata mwashi mwenyewe hataiona.

Hii ndiyo hila ninayoipenda kuliko zote. Inasitiri watu wengi kwa wakati mmoja.

8. Mahali ambapo hudanganyi.

Mpaka hapa tumekuwa tukidanganya macho, na macho hayadhuriki. Upepo hauna macho. Ukipita juu ya bati hulivuta kwenda juu. Ukiingia chini ya mapaa ya baraza hulisukuma. Paa la bati ni jepesi, kwa hiyo uzito wake haulizuii kitu. Linashikwa na mnyororo tu: bati kwenye papi, papi kwenye kenchi, kenchi kwenye ubao unaolala juu ya ukuta, na ubao huo kwenye lenta.

Nenda ukaziangalie zile nondo au waya zilizoachwa zichomoze kwenye lenta. Zishike kwa mkono. Lazima zipande, ziuzunguke ubao, zikazwe. Kama fundi aliyemwaga zege alisahau kuziacha, usipigilie ubao juu ya tofali kwa misumari miwili mitatu ukapita. Simamisha kazi. Mwite mwalimu, mwite mwenye nyumba, hata kama siku itapotea na watu watakununia. Misimu ya mvua huja na habari za shule iliyoezuliwa paa, na chini ya paa lile huwa wamekaa watoto. Sijali kivuli kimekuficha wapi kwingine. Hapa naomba usifiche kitu.

Vivyo hivyo kenchi zilizosimama bila mbao za mshazari za kuzishikanisha: upepo ukizikuta, huanguka zote pamoja, na wanafunzi wakiwa juu. Shikanisheni ya kwanza na ya pili kabla hamjainua ya tatu. Na kila ubao wa dawa mnaoukata, ncha mpya ipakeni dawa tena, maana mchwa huingilia hapo hapo.

9. Bati.

Msumari upigwe kwenye mgongo wa bati, kamwe si bondeni, kwa kuwa maji hupita bondeni. Pwani, ambako kusi ndiyo yenye nguvu, anza kulaza bati mwisho wa kaskazini, ili mdomo wa kila muungano uipe kusi kisogo.

10. Milango, kwa wale mnaotaka sifa.

Sasa unaweza kwenda barazani. Fremu isimamishe kwa kabari mbili mbili zinazopishana, moja kutoka nje, moja kutoka ndani. Ukigonga moja fremu inakwenda, ukigonga ya pili inarudi, mpaka pima maji iridhike. Pengo la ukutani litafunikwa na plasta. Ili mlango uwe na nafasi sawa pande zote, chomeka sarafu mbili mbili kati yake na fremu, funga bawaba, kisha toa sarafu. Watu watadhani una vipimo vya siri.

Penye ufa, changanya gundi ya mbao na unga wa msumeno wa mti ule ule: mninga kwa mninga, mkongo kwa mkongo. Unga uwe mwingi, gundi kidogo, kwa sababu gundi hukataa rangi na vanishi ikapita juu yake ikaacha doa. Jaza, subiri ikauke kabisa, piga msasa kufuata nyuzi. Ufa wa upana wa msumari unasitirika. Ufa wa kidole kata kipande kingine.

11. Sema kabla hujaonwa.

Fundi mkuu ataliona kosa lako. Amelifanya yeye mwenyewe miaka mingi. Mtangulie. "Fundi, huu umepungua sentimita 1, nimeuweka kando, naomba nikautumie kule kwenye paa la choo." Umesema kosa, kipimo na dawa kwa pumzi moja. Hapo ndipo neno "fundi" humtoka mtu bila kukusudia.

Siku ya makabidhiano usimfungulie mwenye nyumba mlango. Mwache aufungue mwenyewe, asikilize bawaba. Akiuliza nani alifanya nini, wataje wenzako kwa majina, aliyekata Mama awe wa kwanza. Mpe namba yako ya simu, na mvua za masika zikishika urudi ukalitazame dari na ukaguse zile waya za lenta. Nenda na randa, maana mlango wa uani utakuwa umevimba.