Kiingereza cha Kibandani

Kuna vijana wa Dar es Salaam wanaoapa kwamba Kiingereza chao wamekitoa kibanda umiza. Sawa, ila mle kibandani, filamu ikionyeshwa, aliyekuwa akiongea ni Lufufu, mtafsiri wake. Rambo anafungua mdomo, sauti inayotoka ni ya Lufufu, kwa Kiswahili, na utani juu yake. Na hata angenyamaza, Sylvester Stallone katika ile filamu ya Rambo ya 1982 anaongea kwa shida kama mtu anayedaiwa. Mwalimu mwingine, Arnold Schwarzenegger, ni mzaliwa wa Austria. Katika The Terminator ya 1984 sentensi zake zinahesabika. Ukihitimu hapo unajua kutisha watu na kuwaaga, basi.

Wajanja wamehamia runinga ya Bloomberg. Hawa ndio balaa. Wanakodolea macho bei zinazokimbia chini ya skrini, kisha wanatoka nazo mtaani. Juzi mmoja, tai shingoni, alisimama mbele ya mama muuza nyanya pale Ilala akamweleza kwa Kiingereza kilichonyooka kwamba soko linajirekebisha, na kwamba wawekezaji wanaihofia benki kuu ya Marekani.

“Mwanangu,” mama akamjibu, “fungu elfu moja. Unachukua au nimhudumie huyu?”

Akaomba apunguziwe. Kwa Kiswahili, tena cha kubembeleza. Hisa hana hata moja, ingawa Soko la Hisa la Dar es Salaam limefungua milango tangu 1998. Akachukua mafungu mawili, akaongezewa hoho.