Sifa za Upepo Unaovuja

Pwani hii imezoea kusifu upepo wa aina mbili, kusi na kaskazi, kwa kuwa ndio uliosukuma majahazi. Upo wa tatu usio na mtunzi wala mwimbaji: ule unaofyonya kwenye mpira wa breki wa trela lililogoma Tegeta, saruji ya Wazo Hill mgongoni na foleni ya Barabara ya Bagamoyo nyuma yake. Dereva anaulaani, utingo anauzungushia kipande cha tyubu, abiria wa daladala wanausonya. Mimi nasema hakuna mtumishi mwadilifu kuuzidi katika lori zima, na simtoi dereva.

Uadilifu huo haumwelei mtu mpaka ajue trela husimamaje. Katika gari dogo breki hungoja mguu. Katika matrela mengi ya siku hizi ndani ya chemba ya breki mna springi nzito ambayo ikiachiwa inabana tu. Upepo unaotoka kwenye kichwa cha lori, wa pauni 100 hadi 120 hivi kwa inchi ya mraba, umewekwa hapo kuizuia isibane. Upepo ukipungua mno, springi haingoji ruhusa ya mtu, inarudi kazini. Fikra hii ilianzia relini. Breki ya upepo ambayo Mmarekani George Westinghouse aliipatia hataza mwaka 1869 ilibana kwa kuingiziwa upepo, hivyo bomba likipasuka treni ilibaki haina breki. Kufikia 1872 alikuwa ameipindua: sasa kupungua kwa upepo ndiko kulikobana. Kuna waliochelewa kuelewa. Tarehe 12 Juni 1889, karibu na Armagh, Ireland, treni ya matembezi ya shule ya Jumapili ilishindwa mlima, ikakatwa vipande viwili. Breki za mabehewa ya nyuma hazikuwa za kujibana zenyewe, na zilipotenganishwa na injini zikaachia. Mabehewa yakateremka kinyumenyume hadi kuivaa treni iliyokuwa ikifuata. Walikufa watu wapatao 80, wakiwemo watoto wengi, na mwaka huohuo Bunge la Uingereza likapitisha sheria ya kuzilazimisha treni za abiria ziwe na breki za kujibana. Mvujo uliokuwa muuaji ukapewa cheo cha askari, na cheo hicho ndicho unachokivaa hadi leo mpira uliochakaa pale Tegeta Kibaoni.

Tuutazame mvujo na wenzake, kasoro nyingine za lori. Lainingi iliyolika haina sauti hadi chuma kikutane na dramu. Tairi kipara hujiendea zake vizuri kabisa kiangazi chote, likingoja masika. Mwovu zaidi ni tairi la ndani katika jozi: linaweza kuishiwa upepo na kuegemea la nje, ambalo hubeba mzigo wa wote wawili mpaka lichemke na kupasuka, na kwa macho ya mpita njia jozi imesimama kama kawaida. Ndiyo maana utingo mzoefu huzunguka akigonga magurudumu kwa chuma, asikilize lipi linaitika kivivu. Mvujo haugongwi wala hauhojiwi. Unapakwa maji ya sabuni, nao unaonyesha kwa povu palepale ulipo, iwe kwenye kiungo, valvu au dayaframu. Ni shahidi gani mahakamani mwenye tabia hiyo?

Watasema unaziba barabara. Kweli, unaziba, na malori ya Wazo hayana uchochoro wa kukimbilia. Lakini lawama hiyo inalinganisha trela lililosimama na trela zima, wakati mlinganisho wa haki ni wa trela lililosimama na lile lisiloweza kusimama; aliyeshuka mteremko wa Kitonga au Sekenke na mzigo anajua lipi angelichagua. Hoja nzito zaidi ni ya mafundi: mvujo wa polepole huifanya springi ibane nusu, gurudumu likaburuzwa, dramu ikawaka na tairi likashika moto. Nakubali. Ila kabla ya hapo mshale wa geji ulikwishashuka, na king'ora cha upepo mdogo kililia ndani ya kebini, isipokuwa kama waya wake ulishakatwa kwa kuwa unamsumbua dereva. Wapo pia wanaoingiza boliti ndefu na kuikunja springi isibane, kisha wakaendelea na safari. Boliti hiyo ni halali kwa kulivuta gari hadi gereji. Kubeba saruji nayo ni kumfunga askari kamba na kumwachia mwizi funguo. Tena springi hiyo imekandamizwa kwa nguvu ya kuua. Fundi mwenye akili hafungui nyumba ya springi, hubadilisha chemba nzima na kununua maisha yake kwa bei hiyo.

Pingamizi moja sina jibu lake. Mipira iendayo kwenye trela ni miwili, mwekundu na wa njano. Mwekundu ndio wa kulisha mitungi ya upepo, na sifa zote hizi ni zake. Wa njano hupeleka amri ya pedali, hivyo ukitoboka unanyamaza njia nzima na kuvuja pale tu breki zinapohitajika. Huo ni mnafiki, nao nauondoa kwenye utenzi huu. Sifa zake apewe utingo anayelala chini ya trela, magurudumu yamewekewa vigingi, akisikiliza wakati dereva amekanyaga.