Kila Mtu Anataka Kufa Jukwaani

Ukitaka kujua waigizaji wa Nairobi wanajionaje, usiwaulize. Simama nje ya chumba cha usaili utege sikio. Utasikia mtu anakata roho. Kimya kidogo, mlango unafunguliwa, marehemu anatoka akijifuta jasho, anaingia mwingine, naye anakata roho. Katikati yao huenda akapita mmoja asiyekufa, lakini huyo naye amekuja kumlilia aliyekufa.

Lawama zote ni za tangazo. Huwa fupi: njoo na monolojia moja ya dakika mbili, na picha yako. Mwigizaji akiambiwa ana dakika mbili za kuonyesha alicho nacho, anataka kuonyesha chote: acheke, alie, apige magoti, apagawe kidogo, na sauti ya kumwita mama iwe humo humo. Hotuba inayobeba mizigo hiyo yote haipatikani kwa mtu mwenye afya njema.

Halafu kuna shida ambayo wenzetu wanaosailiwa kwa Kiingereza hawaijui. Wao wanauziwa vitabu vizima vya monolojia zilizokwisha kukatwa na kupangwa kwa umri na jinsia. Sisi tamthilia zetu nyingi ni za majibizano. Chukua Kigogo ya Pauline Kea: Tunu akisema jambo, kuna mtu keshajibu. Kwa hiyo mwigizaji anageuka fundi cherehani, anakata maneno ya Ashua ukurasa huu na kuyaunga na yale ya ukurasa ule, na mishono yote inaonekana. Nimemwona kijana mmoja akicheza Majoka, ameyatoa maneno ya wenzake lakini nafasi zao ameziacha. Akifoka, ananyamaza, anasikiliza, anatikisa kichwa, anafoka tena. Alikisikiliza kile kiti kitupu kwa adabu nyingi hata mmoja wa wasaili akakigeukia, akingoja nacho kiseme.

Wanaokwepa kushona hukimbilia kwa Mwalimu Nyerere. Alitafsiri Julius Caesar ya Shakespeare mwaka 1963, kisha akairekebisha na kuitoa upya mwaka 1969 kwa jina la Juliasi Kaizari. Hotuba ya Antonio msibani ni ndefu na tamu, imekaa tayari. Tatizo ni kwamba inahitaji maiti. Bwana mmoja aliyenitangulia kwenye foleni aliulaza mkoba wake sakafuni uwe Kaizari, akaufunika kwa koti, akaanza kuuombolezea vizuri kabisa. Mlango ulikuwa wa plaiwudi, kwa hiyo sote wa nje tulikuwa Warumi. Alipofika mahali pa kuwaonyesha watu majeraha, maiti ikaita. Ikaita kwa wimbo wa injili, tena ule wa kupiga makofi. Antonio akafunua koti, akapapasa tumboni mwa marehemu, akanong'ona, "Mama, nitakupigia," kisha akarudi Roma.

Mimi nilikuwa nimejiandaa na Mwelusi wa Kifo Kisimani, ya Kithaka wa Mberia, kwenye mateso ya gerezani. Kumfanyia Mwelusi mazoezi kwenye ploti ya vyumba vya kuungana ni kazi. Huwezi kuteswa kimya kimya. Ndivyo nilivyoamini wakati huo. Usiku wa pili jirani yangu mama mmoja aligonga mlango akiwa na keateka na bakuli la uji. Wakachungulia ndani, wakaniona niko peke yangu, na hapo ndipo huruma yao ilipozidi.

"Ametoka saa hii?" keateka akauliza.

"Nani?"

"Usimfiche, kijana wangu. Siku hizi hata sisi wanaume tunapigwa. Si aibu."

Nilieleza mambo ya tamthilia kwa kirefu, nikawaonyesha kitabu. Yule mama akanipa uji, akasema, "Kunywa kwanza, baba." Mpaka nilipohama, ploti nzima ilikuwa ikinisalimu kwa upole na kuniuliza kama nyumbani kumetulia.

Nikahamishia mazoezi kwenye matatu. Maneno niliyatamka chini chini, nikitazama kiti cha mbele. Aliyekaa nami akashuka kabla ya stendi yake. Kondakta alinirudishia chenji yote bila kuulizwa, jambo ambalo halijatokea tena maishani mwangu.

Lakini nirudi kwenye usaili, maana pale foleni ndipo nilipoona kilicho adimu. Aliingia kijana na Kinjeketile ya Ebrahim Hussein, ile sehemu ya mwisho, mganga akiwa mikononi mwa Wajerumani anakataa kuwaambia watu kwamba maji yalikuwa uongo. Kijana alinguruma hadi plaiwudi ikatikisika. Alipomaliza, sauti ya mama msaili ikasema, "Asante. Sasa niambie maneno hayo hayo, ila umeenda kwa jirani kuomba chumvi."

Foleni nzima ikanyamaza. Kuomba chumvi! Mtu amevibeba Vita vya Maji Maji tangu Kayole, anaambiwa aombe chumvi.

Mlango ulikuwa umeachwa wazi kidogo, nikachungulia. Kijana alisimama kidogo, akakuna shingo. Akacheka kile kicheko cha mtu anayejua alikopa sukari juzi na hajarudisha. Akaanza maneno ya Kinjeketile huku akibadilisha mguu wa kusimamia, macho yakienda kwenye sufuria isiyokuwapo. Na ajabu ni kwamba kwa mara ya kwanza nilisikia kila neno. Alipokuwa akinguruma, nilisikia mngurumo tu. Sasa nilisikia mtu anayetaka kitu kwa mtu mwingine, na anaogopa kunyimwa. Mama msaili hakusema kitu. Alishusha andazi lake, akaandika.

Tangu siku hiyo nina maoni makali juu ya monolojia, na marafiki wamechoka kuyasikia. Acheni kufa. Chagueni mtu anayeomba, anayedai au anayedanganya. Na kama ni lazima useme peke yako, Ebrahim Hussein aliwahi kuandika Jogoo Kijijini, iliyotoka mwaka 1976 pamoja na Ngao ya Jadi, na humo kazi yote ni ya msimulizi mmoja. Hakuna haja ya mkasi. Kwenye foleni sijaona mtu ameileta. Pengine ni kwa sababu haimo kwenye mtihani wa shule za sekondari.

Maana mtihani ndio unaotulisha. Vikundi vingi vya maigizo huzunguka shuleni na tamthilia teule, na kitabu kikibadilishwa, monolojia za jiji zima huchacha. Bembea ya Maisha ya Timothy Arege ilipoingia mahali pa Kigogo, watu walibaki na Majoka waliyemkariri hadi kikohozi chake, na hakuna wa kumnunua. Usaili uliofuata, wanawake wote walikuwa Sara, na Sara ni mgonjwa. Foleni ikawa kama zahanati.

Huko ndiko yule kijana wa chumvi alikopewa Yona, mumewe Sara, nami nikapewa Bunju mkwewe. Tukapelekwa shule moja ya wasichana, jukwaa likiwa ukumbi wa chakula, harufu ya maharagwe ikitutangulia. Mwongozaji alikuwa amepunguza maneno ili tumalize kabla ya kengele. Hakuwaza kwamba watazamaji wamefungua vitabu mapajani na wanatufuata kwa kalamu.

"Mwalimu, wameruka ukurasa!"

Ukumbi mzima ukaguna. Mwalimu wa Kiswahili akainuka, akatuambia kwa heshima zote, "Rudini nyuma kidogo, walimu wangu. Hapo huwa panatoka swali."

Tukarudi. Yona alikuwa keshatoka, yuko jikoni na wapishi. Akaitwa, akaingia mbio na fulana ya ndani, mkononi kikombe cha plastiki alichosahau kukiweka chini, akaanza maneno yake akiwa bado anameza. Ulikuwa uji. Msichana wa mstari wa mbele akakitazama kile kikombe, akainama, akaandika ukingoni mwa kitabu chake: ishara ya ulevi.