Biriani Iliyokwama Nyuma ya Ukuta

Gesi iliisha Jumapili, nyama ndiyo kwanza inatokota, na wakwe wamekwisha kupanda matatu kuja kwetu Donholm. Tukakubaliana kuagiza biriani. Kuagiza wapi? Hapo ndipo nyumba ilipogawanyika.

Binti yangu alishika ile programu iliyomtumia kuponi. Mume wangu alitaka inayoonyesha pikipiki ikisogea kwenye ramani. Mama aliuliza jambo moja tu: pesa inatoka lini? Alikuwa mtu wa Jumia Food, na tangu ilipofungwa mwisho wa 2023 hajaiamini nyingine. Yeye anataka chakula kiwe mezani kwanza, ndipo M-Pesa itoke. Namuunga mkono kabisa.

Kuponi ikashinda, kama inavyoshinda katika nyumba nyingi. Lakini hebu tazama hesabu. Biriani ile kwenye programu ilizidi bei ya ubaoni pale pale hotelini, kwa sababu programu humkata mwenye hoteli kamisheni, naye humpandishia mlaji bei. Ongeza ada ya kufikisha na ada ya huduma. Punguzo likamezwa lote kabla hatujalipa, na tulilipa kwanza.

Wakwe wakafika. Biriani haikufika. Kwenye simu, pikipiki ilikuwa imeganda mtaa wa nyuma: alama ya ramani ilitua upande wa pili wa ukuta. Tukaiandikia programu, ikatujibu mashine, ikatuomba tuwe na subira. Kisha kijana mwenyewe akapiga.

"Mama, niko getini, lakini soja anasema hapa hakuna nyumba hiyo."

Mume wangu akaanza kumsomea namba ya nyumba. Mama akamnyang'anya simu. "Mwanangu, rudi mpaka stejini. Uliza posho mill. Ukiipita, shika kulia, utaona kinyozi mwenye mlango wa bluu. Mimi nitakuwa nimesimama hapo."

Akaja, jasho likimtiririka. Hawa vijana hulipwa kwa safari, si kwa saa. Petroli aliyoichoma akizunguka ukuta ule ilikuwa yake, na hilo liliniuma kuliko biriani kupoa.

Mama akampa maji, akamuuliza programu ipi ni nzuri.

"Mimi niko kwenye zote, mama. Inayoita kwanza ndiyo naipokea."

"Basi nipe namba yako."