Manowari Yangu Imenenepa

Kama juzi ulipanda matatu ya kutoka Thika ukaona mzee kiti cha nyuma anajikuna kama mbwa wa machinjioni, usiulize. Ni mimi. Si upele. Si kunguni. Ni manowari.

Vumbi la faibaglasi, jirani, huwezi kuliona. Linaingia kwa mkono wa shati, linateremka mgongoni, linafika mahali ambapo mtu mzima hawezi kujikuna mbele za watu. Mama aliyeketi kando yangu alinitazama mara moja, akamhamisha mtoto wake upande wa dirisha. Kufika Juja akahama yeye pia. Kufika Ruiru nilikuwa na kiti chote peke yangu, na konda akanidai nauli ya watu wawili. Nikamwambia huyo mama amehama kwa hiari yake. Akasema, "Sijui mambo ya mama, mzee. Nasema hilo jeneza."

Jeneza! Hiyo ni bodi ya Königsberg!

Makosa yalianzia Mombasa. Desemba tulishuka huko na familia, tukaingia Fort Jesus, nikaona mzinga, nikauegemea nipigwe picha. Mtembeza wageni akanieleza nimeegemea nini. Ati Königsberg ilikuwa manowari ya Wajerumani. Asubuhi ya tarehe 20 Septemba 1914 ikajitokeza Zanzibar, ikaikuta Pegasus ya Waingereza iko kwa matengenezo, ikaizamisha. Halafu ikakimbilia Rufiji, ikajificha huko kwenye mikoko hadi tarehe 11 Julai 1915, Waingereza walipoimaliza na vile vimeli vyao vya maji mafupi, Severn na Mersey. Wajerumani nao hawakukubali hasara. Waliing'oa mizinga yake yote 10, wakaenda kupigana nayo nchi kavu. Mmoja ndio huo niliokuwa nimewekea kiwiko.

Basi niliporudi Ruiru, kioski hakikupumua. Nilisimulia mpaka chai zikapoa. Nilisimulia kama mtu aliyekuwa Rufiji anashika taa. Mama wa kioski akachoka. "Baba, si utuonyeshe hiyo meli?" Mdomo wangu, bila kuniuliza, ukajibu: "Nitaitengeneza."

Thika kuna jamaa anauza vitu vya eksi-Yukei kando ya barabara. Friji, baiskeli, viti vya ofisi visivyo na magurudumu. Hapo kati nikaona bodi tupu ya manowari ya faibaglasi, imejaa maji ya mvua na jani la mparachichi. Nikauliza ni skeli gani. Akaniangalia, akaangalia bodi. "Moja kwa mia, boss." Leo hii ukimuuliza friji ni skeli gani atakuambia moja kwa mia. Nikalipa 4,500 bila kuomba apunguze. Nani huomba punguzo kwa manowari?

Binti yangu yuko Gredi ya 8. Akachukua rula. Königsberg halisi ilikuwa na urefu wa mita 115 na kitu, upana mita 13.2. Kwa hiyo yetu inatakiwa sentimita 115 kwa 13.2. Urefu, sawa. Upana akapima juu, pale ukingoni: 15. Akapima tena. 15. "Baba, imenenepa."

Mimi nikasema uzito ndio muhimu. Ile kubwa ilikuwa na tani 3,400 hivi, gawanya kwa mia, ni tani 34. Tena nilikuwa nimeshamuuliza mwenye ploti kama simiti ya uani inabeba tani 34. Binti akafunga macho kidogo, kama mwalimu anayehesabu mpaka kumi. Akaniambia urefu unagawanya kwa mia, upana kwa mia, kina kwa mia, hivyo uzito unagawanywa kwa mia mara tatu. Jibu ni kilo 3.4. Karibu sawa na kuku wawili. Mwenye ploti mpaka leo akipita pale uani anakanyaga polepole.

Sasa nikaibeba hadi Makongeni, kule Thika, kwa kijana wa jua kali anayenyoosha mabodi ya magari. Nikamwambia kwa sauti ya mtu anayejua: pasua katikati, toa wani pointi eiti, unganisha. Mbele na nyuma usiguse, kata kama umbo la jani. Akaniuliza, "Wani pointi eiti, mzee?" Nikamwambia, kwani huna masikio? Nikaenda kula mutura.

Wewe unaijua futi kamba ya fundi. Upande mmoja sentimita, upande mwingine inchi. Mimi sikusema upande gani. Kijana wa mabodi ya matatu, maisha yake yote ni inchi. Akatoa inchi 1.8. Hizo ni sentimita nne na nusu na ushee. Niliporudi na mutura mdomoni nikakuta manowari ya Kaiser imekuwa mkunga. Upana 10.4. Wanamaji zaidi ya 300 wangelazimika kusimama kwenye mstari mmoja kama wa kulipia maji.

Kile kipande alichokata nilikitafuta. Kuku wa jirani yake walikuwa wananywea maji.

Nikaamua kazi iliyobaki nifanye mwenyewe, bei ya fundi isinimalize. Nikanunua resini, matandiko ya nyuzi, hadina na kopo la filla. Hadina, nilikuja kujua, ni matone tu. Mimi nilipima kama maziwa ya chai. Kikombe cha plastiki cha mama watoto kikaanza joto, kikatoa moshi, kikajikunja. Brashi ikabaki imesimama ndani, mpaka leo imesimama. Harufu ikazunguka ploti nzima. Wapangaji wakatoka nje wakidhani gesi inavuja, nami nikatoka nao, nikiuliza kwa ukali ni nani.

Wiki mbili za filla na msasa, filla na msasa. Upana ukafika 13.2. Nikairudisha Makongeni nijionyeshe. Safari hii nikamkuta mzee mmoja, anafinyanga matangi ya maji ya faibaglasi. Akaipapasa, akauliza ilikuwa na shida gani. Nikamweleza. Akanyamaza.

"Hiyo haikuwa imenenepa," akasema. "Faibaglasi ikitolewa kwa kalibu mapema, bila miti ya kuishikilia katikati, kuta zinatanuka juu. Ungezivuta na kamba, ungeweka vijiti viwili vitatu vya kukingama. Dakika kumi." Akarudi kwa tangi lake. Hata hakucheka, na hiyo ndiyo iliyoniuma. Ndipo nikapanda ile matatu, vumbi la msasa likaendelea na kazi yake.

Jumapili tukaipima. Meli ya mita moja na zaidi huiweki kwa karai. Jirani wa Gatong'ora ana ng'ombe wa gredi, na kihori kirefu cha simiti cha kumnyweshea. Binti alikuwa amechora mstari mwekundu ubavuni, mahali maji yanatakiwa kufika. Tukaiweka. Mstari ukapotea. Kwenye mizani ilikuwa imesoma kilo 4.5, kilo nzima na ushee ya filla, na filla haitoki ila kwa msasa. Mgongo ukaanza kuniwasha hapo hapo.

Tukiwa bado tunabishana, ng'ombe akaja na kiu yake. Akasukuma Königsberg na pua, akanywa, akanywa. Maji yakashuka taratibu, na manowari yangu ikakaa chini kwenye tope, imelala ubavu.

"Baba," binti akasema, "usiiguse. Sasa iko kama ya Rufiji."