Yah: Kipande cha Kumi

Mheshimiwa Quentin Tarantino,
Hollywood, Marekani.



Niwie radhi kwa kukupotezea muda. Najua dakika zako ni za thamani, hata zile ambazo wahusika wako hukaa mezani wakisifia maziwa kabla ya kuuana. Nimevua viatu mlangoni. Natumaini hilo halitakukera.

Nakuandikia kuhusu albamu ya muziki wa filamu yako Inglourious Basterds, iliyotoka mwaka 2009. Ina vipande 14, na hakuna hata kimoja kilichotungwa kwa ajili ya filamu hiyo. Ulimtaka marehemu Ennio Morricone akutungie, nafasi yake ikabana. Basi ukafungua kabati la nyimbo za zamani, zake na za wengine, ukachagua mwenyewe. Wengine wangeona haya kumwandalia mgeni viporo. Wewe uliviandaa kwa madaha hata wageni wakaomba waongezwe.

Nakupongeza kwa dhati. Wimbo wa David Bowie na Giorgio Moroder ulikuwa wa Cat People, filamu ya mwaka 1982. Wewe ukampa mhusika wako Shosanna, akajipaka rangi mdomoni huku ukipigwa, usiku wa kwenda kuwachoma Manazi. Tangu hapo wimbo umeolewa upya, na mume wa kwanza hatajwi tena.

Sisi watu wa pwani hatuna la kukulaumu. Kwenye taarab, mwanamke mwenye lake moyoni hahitaji kutunga. Hungoja wimbo uliotungiwa mwingine, akainuka na noti mkononi, akaenda kumtuza mwimbaji huku jicho limemkodolea mbaya wake. Maneno ni yaleyale, maana ni mpya. Nawe hufanya hivyohivyo, ila noti zako ni nyingi zaidi.

Sasa, kwa ruhusa yako, niguse kipande cha kumi.

Kipande hicho kilitungwa na Mfaransa Jacques Loussier kwa ajili ya Dark of the Sun, filamu ya mwaka 1968. Inahusu mamluki wanaopanda treni kuingia Kongo wakati wa waasi wa Simba, kuwaokoa Wazungu na kuchukua almasi. Simba, Mheshimiwa, ni neno letu. Lakini Kongo ile kwa sehemu kubwa ilipigwa picha Jamaika. Kiongozi wa mamluki alikuwa Rod Taylor, ambaye wewe, kwa ukarimu wako, ulimkumbuka baada ya miaka 41 ukamfanya Winston Churchill.

Hapo ndipo nilipokupigia saluti. Muziki umetoka Kongo iliyoigizwa Jamaika ukafika Paris ya Manazi. Mamluki amepanda cheo, amekuwa Waziri Mkuu wa Uingereza. Kila aliyekuwamo kwenye treni ile amepata safari ya pili. Wakongo peke yao ndio waliobaki stesheni.

Usinielewe vibaya, tafadhali. Sidai mrabaha. Wimbo ni wa Loussier; hakuna aliyeukopa kwenye ngoma ya Kisangani, Kongo. Wala sikuombi uje kuzichagua nyimbo zetu, maana siku utakapozigusa, wajukuu wetu watazijua kama nyimbo za yule aliyekatwa sikio katika filamu yako.

Nina swali moja dogo, nalo nauliza nikiwa nimeinamisha kichwa. Tuseme kuna kijana wa Kisangani mwenye kamera ya kuazima. Anatengeneza filamu kuhusu babu yake, aliyeiona treni ya mamluki kutoka upande wa pili wa dirisha. Anautaka muziki uleule, dakika mbili tu, auoze upya kama wewe ulivyouoza ule wa Bowie. Je, abishe mlango gani? Na akifunguliwa, atatajiwa bei ile uliyotajiwa wewe?

Umetufundisha kwamba muziki wa zamani si mali ya filamu yake ya kwanza. Ni wa yeyote anayejua kuusikiliza. Ni fundisho zuri sana. Tunachoomba, kama haitakuwa usumbufu, ni barua yako fupi ya kumtambulisha kijana huyo kwa wenye funguo za kabati. Mistari miwili inatosha. Atautuza wimbo hadharani, kwa kadiri ya mfuko wake.

Naomba kuwasilisha.

Wako mtiifu,
Mtazamaji wa viti vya nyuma